Saa ya Chakula Kwenye Rekodi za Kazi

Mapumziko ya kazini ni ya aina mbili, na programu ya kurekodi saa za kazi haina maana kama haiwezi kuyatofautisha. Ya kwanza ni saa ya chakula. Kwa desturi hailipwi, kwa kuwa mfanyakazi ameachiliwa kabisa: akitaka atakula, akitaka atalala chini ya mti, akitaka atapanda bodaboda aende sokoni. Ya pili ni mapumziko mafupi ya dakika kumi au kumi na tano, kama chai ya saa nne, ambayo huhesabiwa ndani ya kazi na kulipwa. Programu ikizichanganya aina hizo mbili, hesabu ya mwisho wa mwezi hutoka na kasoro, na mara nyingi anayepunjwa hajui amepunjwa wapi.

Urefu wa dakika peke yake hautoshi kuzitenganisha. Mkataba Namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1930 kwa ajili ya wafanyakazi wa biashara na ofisi, unaeleza saa za kazi kuwa ni muda ambao mwajiriwa yuko chini ya amri ya mwajiri, na unaondoa humo mapumziko ambayo hayuko chini ya amri hiyo. Swali la kuuliza basi ni moja: katika dakika hizo, kuna mtu aliyekuwa na haki ya kumwita mfanyakazi huyu na kumpa kazi? Kanuni za Marekani zinakwenda njia hiyo hiyo. Mapumziko ya dakika 5 hadi 20 hulipwa, na mlo wa dakika 30 au zaidi huondolewa kwenye hesabu ya kazi ikiwa tu mtu ameondolewa majukumu yote.

Buyangu, upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, ni mahali pazuri pa kupimia kanuni hiyo. Sehemu hii ya msitu ilitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 1985 na husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS; upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Huduma ya Misitu. Kazi za hapa na za vijiji vinavyopakana na msitu ni za namna nyingi: askari wa lango, waongoza wageni, wapishi na wasafishaji wa malazi, vibarua wa miwa upande wa Malava, wachumaji wa majani chai kwenye ukanda wa chai ulio kando ya msitu. Wengi wao hawana king'ora cha kuwaambia kwamba saa ya kula imefika.

Mwongoza wageni huondoka gizani ili kikundi kifike Kilima cha Buyangu kabla jua halijachomoza juu ya msitu. Kileleni wote hukaa chini, chai ikamiminwa, mkate ukagawanywa. Kwa mtu anayewatazama kwa mbali, mwongozaji naye yuko mapumzikoni kama wageni wake. Lakini mgeni mmoja akiteleza, yeye ndiye atakayeinuka. Mwingine akiuliza mbega wanaonguruma bondeni wanaambiana nini, yeye ndiye atakayejibu. Nusu saa ile ni kazi, na rekodi inapaswa kuiita kazi. Mapumziko yake yataanza atakapowafikisha langoni na kuambiwa kwamba hadi saa nane hahitajiki.

Askari wa usiku aliye peke yake yuko katika hali ngumu zaidi. Anakula ugali wake saa sita usiku huku macho yake yakiwa kwenye lango, kwa sababu hakuna wa kumpokea. Tanzania imeiandikia sheria hali ya namna hii. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Mwajiri anaruhusiwa kumfanyisha kazi katika dakika hizo ikiwa tu kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine. Sheria hiyo inasema pia kwamba mwajiri halazimiki kulipia mapumziko, isipokuwa pale anapomtaka mfanyakazi afanye kazi au akae tayari kuitwa. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa polepole na kila anayetengeneza au kununua programu ya saa za kazi. Askari anayekula akilinda lango yuko tayari kuitwa.

Halafu kuna mvua. Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi yake hunyesha alasiri. Mawingu yakifunga, kazi ya shambani husimama, watu wakakimbilia kibanda na kungoja. Wasimamizi wengine huwa na mwelekeo wa kuiandika saa hiyo kuwa ya mapumziko. Ikiwa watu wameambiwa wakae hapo hadi mvua ipungue, hawakuachiliwa. Wanangoja kwa amri, na kungoja kwa amri ni sehemu ya kazi. Ikiwa wameambiwa waende zao, kazi ya siku imekwisha na rekodi ifungwe. Programu nzuri huwa na alama ya tatu kwa ajili ya hali hii, iliyo kando ya kazi na mapumziko, ili karani asilazimike kuisukumia mvua mahali isipostahili.

Nchini Kenya sheria inaacha mengi kwenye mkataba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo kamili. Dakika za chakula ndani ya siku yenyewe haikuzitajia urefu. Inachodai ni kwamba saa za kazi ziandikwe kwenye maelezo ya ajira, kwamba mwajiri alipe ujira wote wa kazi iliyofanyika, na kwamba atunze rekodi za siku za mapumziko ya kila wiki na za likizo. Mwajiri asipoweza kuleta mkataba wa maandishi au maelezo hayo mbele ya mahakama, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa humwangukia yeye. Palipo na chama cha wafanyakazi, saa ya chakula huweza kuwekwa kwenye makubaliano ya pamoja. KUSPAW hujadiliana kwa niaba ya watu wa miwa, KPAWU kwa watu wa mashamba, KUDHEIHA kwa watu wa hoteli. Kibarua asiye na chama ana mkataba wake tu, kama upo.

Hii ina maana kwamba programu haiwezi kununuliwa ikiwa na majibu tayari. Kabla ya kuiwasha, mwajiri lazima awe ameandika mahali fulani kwamba saa ya chakula ni ya muda gani, inaanza kati ya saa ngapi na saa ngapi, inalipwa au hailipwi, na nani anampokea mtu aliyekwenda kula. Hesabu inayofuata ni nyepesi. Agizo la jumla la mishahara la mwaka 1982 linaweka wiki ya kawaida ya saa 52 katika siku sita, yaani wastani wa saa 8 na dakika 40 kwa siku. Mpishi anayeingia saa moja asubuhi, akapumzika saa nzima mchana na kutoka saa kumi na dakika 40, ametimiza siku yake sawasawa. Akila kwa dakika 20 kisha akaitwa jikoni kwa kuwa basi la wanafunzi limefika, dakika 40 zimeingia upande wa saa za ziada, ambazo agizo hilo linataka zilipwe mara moja na nusu siku ya kawaida na mara mbili siku ya mapumziko au sikukuu.

Ili programu iweze kuonyesha hivyo, inahitaji kupokea matukio manne kwa siku, kila moja na saa yake: kuingia, kuanza mapumziko, kumaliza mapumziko, kutoka. Kila tukio huingizwa na mfanyakazi mwenyewe, kwa simu yake, kwa tableti iliyowekwa langoni, au kwa mashine ya ukutani. Mashine ya namna hii ni ya zamani. Willard Bundy, sonara wa jimbo la New York, alibuni saa ya kurekodi wafanyakazi mwishoni mwa miaka ya 1880, na kampuni iliyotokana nayo ni miongoni mwa zile zilizokuja kuungana na kuwa IBM. Waajiri wengi, hata leo, wanapokea matukio mawili tu, la asubuhi na la jioni, na kuiachia programu ibuni yaliyo katikati.

Ubunifu huo ndio hatari kubwa kuliko zote katika jambo hili. Karibu kila programu ya saa za kazi ina mahali pa kuweka makato ya moja kwa moja: mtu akizidisha saa tano au sita kazini, kompyuta inapunguza dakika 30 au 60 bila kumuuliza mtu. Aliyeweka mpangilio huo huenda alikusudia kurahisisha tu. Lakini mpangilio huo haujui kama mtu alikula. Mtu anayekatwa dakika 30 kila siku, siku sita kwa wiki, bila kupumzika, amefanya kazi saa 3 bure kila wiki. Kwa mwaka wa wiki 52 ni saa 156, ambazo kwa wiki ya saa 52 ni wiki tatu kamili za kazi. Hakuna aliyetoa amri wiki hizo zichukuliwe, na hakuna karatasi inayoonyesha zilikokwenda, kwa sababu rekodi yenyewe inasema mtu alikuwa akila.

Makato ya moja kwa moja yanaweza kuvumilika kwa sharti moja, nalo ni kwamba mfanyakazi aulizwe kila siku anapotoka: umepata saa yako ya chakula leo? Akijibu ndiyo, makato yanasimama. Akijibu hapana, yanaondoka hapo hapo, na msimamizi anapata taarifa siku hiyo hiyo, wakati sababu bado inakumbukwa. Swali liandikwe kwa lugha anayoielewa anayejibu. Mpishi wa Buyangu anayesoma Kiswahili vizuri hapaswi kuwekewa kidirisha cha Kiingereza cha kisheria abonyeze tu ili apate kwenda nyumbani. Jibu la hapana lisigeuke kosa la mfanyakazi pia. Mahali ambapo kila anayesema hakula huitwa ofisini kujieleza, baada ya wiki mbili kila mtu atakuwa anasema amekula.

Kuna ujanja mwingine mdogo, wa kukamilisha dakika. Programu huzungusha saa hadi robo saa au dakika kumi zilizo karibu ili karani asihangaike na namba zisizo nzima. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la California iliamua kesi ya Donohue dhidi ya AMN Services, iliyohusu mfumo uliokuwa ukizungusha hadi dakika kumi. Mtu aliyetoka kula saa tano na dakika 2 na kurudi saa tano na dakika 25 alionekana kwenye mfumo ametoka saa tano kamili na kurudi saa tano na nusu. Dakika zake 23 zilikuwa zimegeuka 30, kiwango kamili kinachotakiwa na sheria ya huko. Mahakama ilikataa kuzungusha kwa namna hiyo kwenye mapumziko ya chakula, ikasema pia kwamba rekodi zinazoonyesha mapumziko mafupi, yaliyochelewa au yaliyokosekana zinachukuliwa kuwa dalili ya kuvunjwa kwa sheria mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo. Uamuzi huo haumfungi mwajiri wa Kakamega, lakini hoja yake inaeleweka popote. Siku nzima ya kazi inaweza kustahimili dakika saba za kuzungusha. Mapumziko ya nusu saa hayawezi.

Matatizo mengine ni ya hapa nyumbani, na yeyote anayeuza programu iliyotengenezwa ng'ambo anapaswa kuyajua. La kwanza ni saa yenyewe. Watu husema saa saba mchana, mashine inasema 13:00. Karani anaponakili kutoka daftari, akaandika 7:00 kwa sababu daftari linasema saa saba, kompyuta inapokea saa moja asubuhi na kuonyesha mtu aliyekwenda kula kabla hajaingia kazini. Programu nyingine hukataa, na hilo ni afadhali. Nyingine hupokea na kutoa hesabu ya ajabu ambayo haionekani mpaka siku ya mshahara. Njia salama ni kutoruhusu saa iandikwe kwa mkono ila pale inapobidi, na inapobidi, skrini ionyeshe saa kwa Kiswahili kando ya namba za mashine: 13:00, saa saba mchana. Usiku una mtego wake pia. Askari anayepumzika kuanzia 23:45 hadi 00:15 amevuka tarehe, na programu dhaifu humhesabia mapumziko ya saa ishirini na tatu na nusu. Mwenye zamu za usiku aijaribu programu kwa mfano huo mmoja kabla ya kulipa hata shilingi.

La pili ni stima na mtandao. Simu iliyo msituni huenda isishike mawasiliano kwa saa kadhaa, na mwongozaji hawezi kurudi langoni ili tu abonyeze kwamba ameanza kula. Programu lazima ihifadhi tukio ndani ya simu na kulituma baadaye, ikitaja saa lilipotokea na saa lilipofika ofisini. Ikitaja ya pili tu, mapumziko yote ya siku yataonekana yametokea saa kumi na moja jioni, simu zilipopata mtandao. Tofauti kati ya saa hizo mbili isichukuliwe kuwa ushahidi wa udanganyifu. Kwa kazi za porini ni jambo la kila siku.

Vidole navyo vina kisa chao. Mashine ya alama za vidole hupendwa kwa sababu inamzuia mtu kumwingizia mwenzake, lakini vidole vya anayekata miwa au kuchuma majani chai huchubuka, hupata utomvu na weusi, na mashine hukataa kuvitambua. Tena alama hizo si mali ya kuchezewa: Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka katika kundi la taarifa nyeti za mtu, na aliyezikusanya anawajibika mbele ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa kituo chenye watu kumi wanaofahamiana, namba ya siri inatosha. Vilevile programu zinazofuatilia mahali simu ilipo zinapaswa kuacha kufuatilia mara mtu anapobonyeza kwamba yuko kwenye saa ya chakula. Ikiwa ameachiliwa kweli, aliko ni jambo lake.

Mama anayenyonyesha ana haki ya muda wa namna nyingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri ampe nafasi ya kunyonyesha au kukamua maziwa, juu ya mapumziko ya kawaida ya chakula, kwa jumla isiyozidi saa moja katika kila zamu ya saa nane. Neno la kuzingatia ni juu ya. Programu yenye kitufe kimoja tu cha mapumziko itaukata muda huu kutoka kwenye saa ya chakula, na mama atarudi jikoni akiwa amemlisha mtoto lakini yeye mwenyewe hajala. Kitufe cha pekee kwa ajili yake si anasa, na jina lake halina haja ya kusomeka kwa kila anayepita mbele ya tableti.

Mchumaji wa majani chai anayelipwa kwa kilo yuko karibu nje kabisa ya mfumo huu. Malipo ya kazi ya vipande hutegemea kiasi kilichofanyika, muda wowote uliotumika, kwa hiyo dakika anazokaa chini hazikatwi na mtu. Anazikata mwenyewe kwa kuacha kuchuma. Ndiyo maana wengi hula wakiwa wamesimama, au hawali mpaka baada ya kupima mzigo. Kwake rekodi ya mapumziko haibadilishi ujira wa siku, lakini inaonyesha kitu kingine chenye uzito: nani amekwenda saa saba mfululizo bila kukaa, na katika wiki gani ile siku moja ya mapumziko iliyoahidiwa na sheria haikupatikana. Mwajiri asiyeirekodi kwa kuwa haigusi malipo amejinyima habari hizo.

Kila rekodi itakuwa na makosa. Watu husahau kubonyeza wanaporudi, na programu huwahesabia mapumziko ya saa nne. Marekebisho ni ya lazima, na swali ni nani anayafanya na alama gani inabaki. Katika mashamba ya walowezi wakati wa ukoloni, vibarua wengi waliajiriwa kwa kadi ya siku 30. Siku ambayo kazi haikumridhisha bwana shamba haikutiwa alama, na kibarua hakuwa na kitabu chake cha kujibu. Programu ambayo msimamizi anaweza kufuta dakika bila kuacha jina lake inarudisha hali hiyo. Iliyo sawa huhifadhi namba ya kwanza, namba mpya, jina la aliyebadilisha, saa aliyobadilisha na sababu, kisha humpelekea mfanyakazi taarifa ili akubali au akatae. Mfanyakazi naye aweze kufungua siku zake zote kwenye simu, na hati ya mshahara itaje jumla ya mapumziko yasiyolipwa kwenye mstari wake, kando ya saa za kazi na saa za ziada.

Mwenye wafanyakazi watatu hahitaji kununua chochote. Daftari lenye safu nne za saa na mahali pa sahihi, likijazwa mchana ule ule na kupigwa picha kila Jumamosi, lina nguvu kuliko programu ya bei inayobuni. Vyovyote vile, rekodi zitunzwe. Maelezo ya ajira hutakiwa kuhifadhiwa kwa miaka mitano baada ya mtu kuacha kazi, na madai mengi yatokanayo na mkataba wa ajira yana muda wa miaka mitatu kufikishwa mahakamani, kwa hiyo dakika za chakula nazo zinafaa kubaki kwa miaka hiyo mitano. Anayetumia programu ya kulipia kila mwezi aulize mapema kama ataweza kuzitoa rekodi zote siku atakapoacha kulipia, kisha nakala iwekwe mahali pengine mbali na kompyuta ya ofisi.